Kwa Egide, aliyejua kwa nini ndege za zamani zilianguka

Jamani, kichwa bado kinakataa. Egide wetu hayupo. Pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye kona ya kuteremka Nyamirambo, mvua ikinyesha, na hakufika hospitali akiwa hai.

Tangu juzi naona kila mtu anaposti picha naye na kuandika "best friend wangu". Samahani, best friend wake ni mimi. Tumefungua na kufunga injini za ndege pamoja kwenye hanga moja pale uwanja wa Kanombe tangu tukiwa trainees, na nina wivu. Nasema mapema ili msije mkashangaa huko chini.

Mliomjua kwa video zake mnajua ugonjwa wake: ndege za propela za enzi za babu zetu, na kwa nini zilianguka.

Wazo la kurekodi lilikuwa langu, kwa taarifa yenu. Nilianza mimi, nikaeleza jinsi barafu inavyoweza kuganda ndani ya kabureta hata siku ya joto, mpaka injini inakosa pumzi. Walioangalia ni dada zangu tu, na mmoja alisinzia.

Egide akaja kueleza jambo lile lile akiwa ameshika chupa ya soda baridi inayotoa jasho. Watu wakajaa! Roho iliniuma wiki nzima.

Alikuwa na sheria moja. Ukisema "kosa la rubani" mbele yake, anakukatiza hapo hapo kwa Kiswahili chake cha Bujumbura: "Iyo ni jibu ya muvivu. Niambie kwanza, rubani aliona nini?"

Kuna ndege ya injini mbili tuliyobishania sana. Injini ya kulia ilishika moto, rubani akazima ya kushoto. Mimi nikasema yule rubani alikuwa mjinga, basi, tufunge mjadala.

Egide alichimba mpaka akagundua kwamba nyaya za taa za tahadhari zilikuwa zimeunganishwa kinyume. Na aliyeziunganisha alikuwa fundi, mtu kama sisi. Team leader akampigia makofi mbele ya shift nzima. Mimi nikaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Na ile video ya propela, mnaikumbuka? Injini ikifa, propela yake lazima igeuze makali kwenye upepo, la sivyo inasimama kama mlango na kuivuta ndege upande. Alieleza yote hayo kwa kiganja chake tu, akiwa juu ya pikipiki inayokwenda.

Motari, yaani dereva wa pikipiki, mnayemwona kwenye video hiyo ni Sadiki wa Nyamirambo. Ndiye aliyekuwa akimbeba kila siku kwenda na kurudi kazini. Ndiye aliyembeba siku ile pia.

Sasa nimesoma comments zenu. Mmemwita Sadiki muuaji. Kuna walioweka hadi namba ya pikipiki yake ili atafutwe. Niseme ukweli, mwanzoni nilizisoma kwa raha.

Nikaenda kuitafuta pikipiki kwa fundi aliyeihifadhi karibu na ile kona. Nilikuwa natamani nikute breki zimekwisha. Nilitaka angalau mara moja mimi ndiye nipate chanzo.

Breki zilikuwa nzima. Tairi nzuri kuliko za kwangu. Nikapanda hadi kwenye kona nikakuta watu wanamwaga mchanga barabarani, kwa sababu lori lilikuwa limemwaga dizeli na mvua ikaitandaza lami yote. Waliniambia wengine walishaanguka pale pale siku hiyo ya ajali.

Jana mchana tulikuwa nyumbani kwao, kwenye ikiriyo, tumekaa na wafiwa. Sadiki akafika, mkono umefungwa plasta, akasimama getini. Kaka zake Egide wakamzuia.

Mama Egide akanigeukia mimi. "Weye unajua mambo ya ajali," akasema. "Huyu ndiye aliniulia mtoto?"

Ningesema ndiyo, wote wangeniamini. Na ningepata mtu wa kumchukia, kitu nilichokihitaji sana jana.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Barabara ilikuwa na dizeli. Hata mimi ningeanguka."

Akaamuru Sadiki aingie. Akamkalisha pembeni yake, akamshika ule mkono mzima, akamuuliza kama amekula. Kisha akamuuliza mwanawe alikuwa anasema nini njiani.

Kumbe Egide alikuwa anamsimulia ndege nyingine, moja ambayo hanga nzima hatukuwahi kuisikia. Sadiki akaieleza yote, kuanzia kupaa mpaka kuanguka, na kila alipofika kwa rubani alisema kwanza rubani aliona nini. Alieleza vizuri. Vizuri kuliko mimi.

Miaka yote hii nimekula naye sahani moja, na hadithi yake ya mwisho kapewa motari. Nilikaa pale na wivu wangu, nalia, na mama hakuuachia mkono wa Sadiki. Wangu haukushikwa na mtu.

Kwa hiyo ninyi mnaomtukana Sadiki, futeni hizo comments leo. Anayebisha aje, nitampeleka mwenyewe kwenye ile kona.

Na wewe Egide, ndugu yangu, safari hii chanzo nimekipata mimi, na hukuwepo kunikatiza. Nimekuonea wivu maisha yangu yote nikidhani nataka kukushinda. Sasa nimeshinda, na sina wa kumwambia. Pumzika vizuri, bingwa.