Nilivyonyamaza wiki mbili, nyumba ya Kukhu Nelima ikaisha kwa moto

Wakuu, hamjambo nyote. Na nyinyi vijana wa niaje, niaje pia.

Mimi ni kukhu wa watu, yaani nyanya. Shule niliacha darasa la pili, so mkiona nimeandika vibaya someni tu mbele. Simu ni ya mjukuu wangu hapa Tuwan, Kitale, lakini vidole ni vyangu na makosa nitakayosema ni yangu. Sitaongeza chumvi. Hata daktari amenikataza chumvi.

Juzi mtu aliuliza hapa, ati zamani kabla ya gari la zimamoto watu walikuwa wanazima nyumba na nini. Watu wakacheka cheka, wakaandika "mate".

Nitamjibu. Lakini jibu langu lina aibu ndani, kwa hivyo mniache nimalize.

Hii ni miaka ya hamsini, mzungu bado yuko. Nilikuwa nimeolewa upande wa Chwele, nina watoto wawili na wa tatu yuko tumboni. Baba watoto alifanya kazi kwa shamba la mzungu huku Kitale, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi.

Huko ndiko alijifunza mambo ya moto. Ngano ikikauka, cheche moja inamaliza shamba lote. So wafanyakazi walifundishwa kupiga moto na magunia yamelowa. Walifundishwa pia kusimama mstari kutoka mtoni mpaka kwa moto, maji yanatembea mkono kwa mkono na mtu amesimama pale pale.

Akaleta hiyo akili nyumbani. Nyumba zote zilikuwa za nyasi, na Januari nyasi inakauka mpaka inalia ukiigusa. Watu wakakubali. Hakuna aliyelipwa, hakuna aliyeandikwa. Kila boma ilitoa watu wawili, mtungi na gunia.

Akaleta pia sahani ya plau iliyovunjika, ile chuma ya duara ya jembe la trekta, akaitundika kwa mti karibu na mlango wangu. Ukisikia hiyo chuma inalia, unafunika moto wa jikoni yako kwanza (tusizime moja tukiwasha nyingine), halafu unakimbia.

Na yeye akiwa Kitale, mwenye kupiga chuma alikuwa mimi.

Wakuu, nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Wanaume wenye ndevu walikuwa wanakimbia kwa sababu mimi nimepiga chuma. Hamjui utamu wake.

Sasa sikizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo mambo yote yako.

Kupiga chuma ni rahisi. Kazi ilikuwa kupanga mstari.

Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani. Wakikutana njiani, mama anajifunika uso anaingia shambani, kijana naye anageuka anapita kando. Kupeana kitu mkono kwa mkono? Haiwezekani. Ni heshima, na kuivunja ni aibu ya watu wazima. Mzee na mke wa mtoto wake, hivyo hivyo.

So ukipanga watu arobaini kutoka mtoni, ni lazima ujue nani ameoa kwa nani. Katikati ya mtu na mkwe wake unaweka mtu wa kando, apokee huku apeane kule. Ukikosea, mstari unakatika.

Hiyo kitu mzungu hakumfundisha baba watoto. Hiyo nilitengeneza mimi, kwa kichwa changu cha darasa la pili.

Halafu akaja Naliaka.

Naliaka ni mke wa ndugu mdogo wa mzee wangu, boma moja, mlango wake unaangalia wangu. Mrefu, sauti kama ng'ombe ya kupotea, na anakimbia akiwa amebeba mtungi bila kumwaga. Mimi nilikuwa mfupi na mimba inanitangulia.

Mwisho wa mwezi mmoja baba watoto alikuja, akatufanyisha mazoezi. Akamwangalia Naliaka vile anaita watu. Akanigeukia, ati, "Mama, wewe sasa ni mzito. Chuma apige Naliaka mpaka ujifungue."

Mbele ya watu wote.

Nikasema sawa. Mdomo ulisema sawa.

Siku hiyo hiyo alikata mche wa sabuni aliotoka nao Kitale, nusu kwangu, nusu kwa Naliaka, kwa sababu ndugu yake hakuwa na kazi. Nilichukua uzi nikapima zote mbili. Zilikuwa sawa. Hiyo pia iliniuma. Mbona ziwe sawa?

Wakahamisha chuma kutoka kwa mti wangu wakapeleka kwa mti wake. Kila asubuhi nikifungua mlango, naiona inang'aa. Alikuwa anaisugua na majivu! Mimi sikuwahi kuisugua. Watu wakipita wanasema, "Naliaka, hii chuma siku hizi ni kioo." Na yeye anacheka.

Nilimchukia mpaka kucheka kwake.

Kusema ukweli, hakunikosea kitu. Alikuwa anakuja kuniuliza, "Dada, huyu nimweke wapi? Huyu ana shida na nani?" Na mimi namjibu mafupi mafupi, kama mtu ametumwa.

Basi. Siku moja soko ya Chwele, Mama Nafula akanivuta kando nyuma ya wauza vyungu. Nafula ni binti yake. Akaninong'oneza kwamba wazee wamekaa, Nafula ameposwa na Makokha, na wamekubaliana. Ng'ombe hazijaletwa. Kuna watu wengine walikuwa wanamtaka huyo msichana, kwa hivyo ni siri.

"Sasa kwa mstari mimi huwa nasimama na Makokha," akasema. "Nampea mtungi kwa mkono! Nitoe hapo, mama. Mwambie Naliaka anisongeze, lakini usimwambie sababu."

Nikamwambia, "Nitamwambia."

Nilirudi nyumbani. Naliaka alikuwa hapo nje, anasugua chuma. Akaniita, "Dada, soko ilikuwa aje?"

Nikasema, "Soko ni soko."

Nikaingia nikafunga mlango.

Nilijidanganya kwamba nitamwambia kesho. Kesho ikafika nikasema si yeye ndiye mkubwa wa mstari, ajue mwenyewe. Kesho ingine nikawaza mazoezi yakifanywa, mstari ukatike, watu waone. Nilitaka hiyo tu. Mazoezi. Mitungi tupu, watu wacheke, chuma irudi kwa mti wangu.

Wiki mbili.

Halafu moto ukakuja kabla ya mazoezi.

Ilikuwa mchana, jua la saa nane. Mtu alikuwa anachoma mabua ya mahindi, upepo ukageuka, ukabeba majani yanawaka ukayaweka juu ya nyumba ya Kukhu Nelima. Kukhu Nelima alikuwa mjane mzee, hana mtoto hai. Alikuwa amekaa nje kwa kiti chake cha miguu mitatu, kile cha marehemu mzee wake, anachambua maharagwe. Hakuona. Naliaka ndiye aliona moshi.

Chuma ililia. Ukweli usemwe, alikuwa anaipiga vizuri kuliko mimi.

Watu wakafika haraka sana. Mstari ukasimama. Moto ulikuwa bado upande mmoja wa paa, kama ukubwa wa mkeka. Mitungi ya kwanza ikafika, wanaume wa juu wakamwaga, moto ukarudi nyuma. Nyumba ilikuwa inapona, wakuu. Niliona na macho yangu.

Halafu Mama Nafula, aliyekuwa amechelewa, akafika mahali pake mbio, na mtungi umejaa, akidhani wameshatenganishwa. Akageuka kupeana. Ni Makokha.

Mtungi ulianguka ukapasuka. Mama Nafula akavuta kitambaa usoni akaingia kwa mihogo. Makokha naye akaruka kwa migomba, mgongo huku. Kijana mkubwa hivyo, amesimama anaangalia ndizi.

Wa chini wanaendelea kuleta maji, yanarundikana hapo. Wa juu mikono iko wazi, hakuna kitu. Naliaka anapiga kelele, "Maji! Maji imeenda wapi? Mama Nafula, umelogwa?"

Hakujua. Angejuaje?

Mimi nilikuwa kwa magunia, hatua kama tano kutoka hiyo nafasi. Na kazi yangu yote miaka miwili ilikuwa kujua ni nani wa kuingia hapo katikati.

Sikuingia.

Nilisimama. Si kwa muda mrefu. Muda wa kumwangalia Naliaka akihangaika, na kusikia mwanaume mmoja akisema, "Huyu mwanamke hajui kupanga watu." Nilisubiri hayo maneno. Yalipotoka, ndipo nikakimbia na tumbo langu nikaingia kwa nafasi, nikapokea huku, nikapeana kule, nikimlilia Makokha arudi, mimi niko katikati, hatamgusa mkwe wake.

Mstari ukatembea tena. Lakini moto wa nyasi haungoji. Paa lilishika lote, likaingia ndani. Mbegu ya mahindi iliyotundikwa juu ya jiko, mablanketi, kuku aliyekuwa anaatamia, yote. Tulizima tu nyumba ya jirani isishike.

Kukhu Nelima alibaki na kiti na sinia ya maharagwe.

Na wakuu, mnajua watu walisema nini? Walinisifu. "Mwanamke ana mimba, angalia vile ameruka!" Wazee walikaa hapo hapo kwa majivu, wakasema chuma irudi kwangu. Naliaka aliileta mwenyewe, akaitundika. Macho yalikuwa mekundu, sijui ni moshi.

Nilikuwa nimepata nilichotaka, mbele ya watu, na sifa juu.

Kukhu Nelima akapewa mahali pa kulala mpaka ajengewe. Kwa nani? Kwangu. Si mimi ndiye shujaa?

Hapo ndipo nilianza kulipa.

Huyo mama alikuwa na shukrani, jameni. Nikimpa uji, anashukuru. Nikimpa maji ya kuoga, anashukuru. Nilipojifungua, yeye ndiye alinikanda mgongo. Na kila siku lazima aseme, "Mwana wangu, kama wewe ungekuwa na chuma siku ile, nyumba yangu ingekuwa imesimama. Huyo Naliaka alinimaliza."

Naliaka anasikia, mlango unaangalia mlango.

Niliwaambia watoto wasipige kelele ili nisikie kama Naliaka analia. Alikuwa halii. Alikuwa anatwanga tu.

Mwezi wa tatu baada ya moto nilishindwa. Asubuhi moja nikateremsha chuma, nikavuka uwanja, nikaiweka mbele ya mlango wake.

Naliaka akaangalia chuma, akaniangalia. "Hii ni nini tena?"

"Nilijua habari ya Makokha na Mama Nafula. Aliniambia nikuambie. Nilijua wiki mbili."

Alikuwa ameshika ufagio, na mimi nikangoja anipige nao. Ningefurahi.

Akasema, "Kukhu umemwambia?"

"Bado."

"Basi toa hii chuma kwa mlango wangu. Anzia huko."

Nikarudi. Nikamwambia Kukhu Nelima akiwa ameshika mtoto wangu mapajani. Nilisema yote, mpaka hizo hatua tano.

Hakunitukana. Alinirudishia mtoto polepole, akamfunika vizuri. Akainuka, akachukua kiti chake cha miguu mitatu, akavuka uwanja akakiweka chini mlangoni kwa Naliaka. Akakaa. Nikamsikia anasema, "Naliaka, uko na uji?"

Alikaa huko mpaka alipojengewa, na hata baada ya hapo alikuwa anashinda huko. Nilikuwa nawaona kutoka kwa mlango wangu, wanachambua mboga pamoja, Kukhu anamwambia "mwana wangu" vile alikuwa ananiambia mimi.

Na mimi, wakuu, niliona wivu tena. Kwa haki gani? Sina. Lakini niliona.

Baba watoto alipokuja nilimwambia pia. Alikaa siku mbili bila kuongea na mimi, halafu akaita watu, akanifanya niseme mbele ya wote. Chuma ikabaki kwa Naliaka. Mimi nikawekwa mahali pangu mpya kwa mstari, katikati ya Mama Nafula na Makokha, mtu wa kando, kila moto. Naliaka ndiye alinipanga hapo. Aliniuliza kwa sauti, watu wote wanasikia, "Dada, kuna kitu kingine unajua na sisi hatujui?"

Kila moto aliniuliza hivyo. Miaka. Na kila moto nilimjibu.

Sasa somo. Moto sikuwasha mimi, na mtungi sikumwaga. Nilinyamaza tu, na kukosa hatua tano. Mkifanya kazi na watu, hata kama ni chama, ni kanisa, ni ofisi, na uko na neno la mtu mwingine mdomoni mwako, lipeleke siku hiyo hiyo. Hasa kama huyo mtu unamwonea wivu. Mpelekee mbio.

Naliaka bado yuko, uzee umemkunja amebaki mfupi kama mimi. Chuma iko kwa boma yake huko Chwele, kuku wanatagia chini yake. Krismasi nilienda nikaikuta inang'aa. Huyo mama na miaka yake yote bado anasugua.

Iliniuma kidogo.

Haya, nimemaliza. Nani hapa amewahi kunyamazia neno la mtu? Andikeni, na msiandike kwa herufi za kufupisha, macho yangu ni ya zamani. Hata wa kunitukana aandike. Nitasoma yote, kisha nitampigia Naliaka nimsomee.