Mgeni Niliyemwacha Mwera

Niliondoka kwenda pwani kwa jambo moja tu, kumchukua Bi Saumu wa Mwera aje azungumze chuoni kwetu. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa mwalimu msaidizi wa lugha katika chuo cha juu huko bara, Mswahili peke yangu katika idara nzima. Chuo kilikuwa na fungu la kuwasaidia walimu wanaotaka kualika wageni na kufanya maonyesho ya mila. Mkuu wangu, Mwingereza mpole, aliniambia nijaribu kuliomba. Wenye kamati waliniuliza mwanamke asiyejua hata kuandika jina lake kwa herufi za kizungu atawaambia nini wasomi. Nikasema atawasomea tungo za wanawake wa Mtang'ata, pwani ya kwetu, ambazo hazimo katika kitabu chochote, kisha awaeleze zinasomwa lini na kwa nini. Nilibishana nao mpaka sauti ikanikauka. Wakanipa kwa shingo upande, na sharti lao: mgeni asipofika kabla ya chuo kufungwa, fungu atapewa mwalimu mwingine.

Bi Saumu nilimfahamu tangu utotoni. Alikuwa akija kwetu Chumbageni, mjini Tanga, kwenye harusi, na akianza kusoma hata wapishi huacha vyungu vyao. Alikuwa mjane bila ya mtoto, akikaa kwa kaka yake, Mbwana. Kwetu mwanamke hasafiri mbali bila ya maharimu, yaani mwanamume asiyeweza kumwoa, kama baba au ndugu yake. Kwa hiyo niliomba nafasi mbili, yake na ya Mbwana. Mbwana akajibu kwa hati ya Kiarabu kwamba wako tayari, na kwamba dada yake halali kwa furaha.

Siku ya nne ya safari gari la moshi liliteremka kutoka Korogwe katika mvua. Nililiona jua mara ya mwisho Voi. Toka Muheza hadi Pongwe ni mkonge kulia na mkonge kushoto, na watu wa mashamba wamesimama kando ya reli na magunia vichwani, wamelowa chapachapa. Tanga sikukaa. Nilitoka stesheni nikapanda basi la Pangani, maana siku zangu zilikuwa za kuhesabu.

Pangani, baada ya adhuhuri, nilisubiri kivuko cha kwenda ng'ambo ya Bweni. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu. Mvushaji alinitazama koti langu na viatu vyangu, akaniuliza, "Bwana unakwenda msibani?"

"Msiba gani?"

"Wa Mbwana wa Mwera. Homa ya siku mbili tu. Wamemzika jana."

Lahaula! Nilishika ukingo wa kivuko. Nilimwonea uchungu Mbwana, Mungu ndiye shahidi. Lakini sitaficha: wazo lililofuata lilikuwa la fungu la chuo, na nilijichukia papo hapo.

Mwera nilifika karibu na magharibi, matope magotini. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka barazani. Nikasema, "Makiwa," nikapewa mahali, nikasoma fatiha. Nikaingia uani kumpa pole Bi Saumu. Alitoka na leso mabegani tu, kichwa wazi, nywele zake zenye mvi hazikufunikwa. Niliinamisha uso. Nikadhani uchungu umemsahaulisha kwamba mbele yake yuko mwanamume.

"Shikamoo, Bi Saumu."

"Marahaba, Athumani. Umekuja."

"Nimekuja. Poleni sana."

"Tumeshapoa." Akasimama akinitazama kama anayengoja neno jingine. Nikarudi barazani.

Nilikaa Mwera siku tatu. Nilipasua kuni, nikachota maji, nikasoma hitima pamoja na wenzangu. Kila siku Bi Saumu alikuja kuniuliza kama nimekula, na kila siku alikawia kidogo kabla ya kuondoka. Nami kila siku nilijiambia: Athumani, mtu kazikwa juzi, wewe utamwambiaje dada yake habari za kwenda kusimama ukumbini mbele ya vijana? Watu wangesema elimu imeniondolea haya. Isitoshe, Mbwana hayupo, atakwenda na nani? Kwetu haja haisemwi penye matanga. Nilijitia katika adabu hiyo nikatulia, na nilijiona mtu mwungwana kweli kweli.

Asubuhi ya nne, matanga yalipokwisha anuliwa, niliaga. Bi Saumu alinisindikiza hadi kwenye minazi ya mwisho.

"Basi ndiyo unakwenda?" akauliza.

"Ndiyo. Kazi inaningoja."

"Haya. Nenda salama."

Tanga niliingia alasiri, na kwa ujinga wangu nilipitia posta kabla ya kwenda nyumbani. Nikapeleka simu ya maandishi kwa mkuu wangu: mgeni amefiwa, hawezi kuja. Niliona nimemtendea haki kila mtu.

Chumbageni, jioni ile, mama mkubwa aliyenilea alinipakulia wali na papa. Nikamweleza yote, tangu kivuko hadi simu. Alinisikiliza mkono shavuni.

"Kwa nini hukumchukua?"

"Mama, atasafiri na nani? Kaka yake ndiye huyo tumemzika."

"Atasafiri na wewe! Wewe si ndugu yake?"

"Ndugu yake kwa wapi?"

Akaweka sahani chini. "Ala! Mama yako hakukwambia? Masikini, angekwambia lini, ulikuwa mdogo alipokufa. Na mimi nikadhani unajua, maana Mwera nzima inajua. Ulizaliwa kule, mama yako akashikwa na homa, maziwa yakakatika. Mama yake Saumu, ambaye alikuwa angali na maziwa ya kitindamimba wake, ndiye aliyekunyonyesha mpaka ukaanza kutambaa. Wewe na Saumu mmenyonya ziwa moja. Hawezi kuolewa nawe wala wewe kumwoa, na anaweza kwenda nawe hata Maka."

Wali ulinishinda. Nilielewa kwa nini alitoka kichwa wazi mbele yangu, na kwa nini alikawia. Aliyefiwa na ndugu hukaa siku tatu, si kama aliyefiwa na mume. Matanga yalikuwa yamekwisha na maharimu wake alikuwa amekaa pale barazani akinywa kahawa.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni pa posta, nitume simu ya kuitangua ile ya jana. Karani akanipa jibu lililokwisha fika. Mkuu alinipa pole, akasema kamati imekutana jana ileile, na fungu amepewa mwalimu wa muziki, amlete mpiga piano kutoka Nairobi. Wale hawakuwa wakingoja ila sababu, na sababu niliwapelekea mimi mwenyewe.

"Nitamwandikia Bi Saumu barua," nilisema nyumbani. Mama mkubwa alikataa katakata. "Utakwenda kwa miguu yako ukamwambie kwa mdomo wako. Ukiandika, mimi nawe basi."

Mwera, mara ya pili, nilimkuta Bi Saumu amekaa kwenye ngazi ya mlango. Pembeni yake palikuwa na kikapu kilichofungwa kwa kamba, na juu yake buibui limekunjwa. Aliponiona alisimama haraka kama msichana.

"Nilijua utarudi, ndugu yangu. Nilisema huyu kaona haya ya watu tu, akifika njiani atageuka. Siku zote tatu nangoja uniambie twende, nikasema mimi ndiye mgeni, siwezi kujichukua. Mbwana alinambia siku yake ya mwisho, 'Mimi nikiondoka, wewe nenda, Athumani yupo.'"

Nikamwambia. Nilimwambia sikujua habari ya maziwa, na simu niliyoipeleka, na mpiga piano. Sikuacha kitu. Alisikiliza amesimama, kisha akakaa, akaanza kufungua kamba ya kikapu. Fundo lilikuwa gumu, nikataka kumsaidia, akausogeza mkono wangu.

"Hukujua," alisema. "Sawa. Lakini siku tatu hizo hukuwa na mdomo wa kuuliza?"

Nilimwomba basi anisomee, niandike, nikawape wanafunzi hata karatasi. Akatikisa kichwa. "Mimi nilitaka waniangalie nikisoma. Karatasi haina uso."

Alinipikia, tukala. Alipoinuka kuniaga alifunga leso kichwani vizuri mpaka kwenye paji, akajitanda na buibui juu yake. "Nenda kabla kivuko hakijasimama, Mwalimu." Tangu nizaliwe hakuwahi kuniita hivyo.

Chuoni nilifika siku ya mpiga piano, nikakaa nyuma, nikapiga makofi na wengine. Mwaka uliofuata fungu sikupewa, na uliofuata huo Bi Saumu alikwenda kukaa na jamaa zake Unguja, tusionane tena. Jamaa zangu wa nyumbani huniuliza nimejifunza nini katika safari ile. Nimejifunza kwamba nilikaa kimya kwa kuogopa watu watanionaje, nikaiita heshima, na aliyelipa ni dada yangu niliyempata jioni moja na kumpoteza kabla juma halijaisha.