Kitanda cha karibu na dirisha

Conso ametuacha Jumamosi saa nane mchana, na leo asubuhi nimempigia simu tena. Kichwa kimekataa kabisa kuelewa.

Kwa msiomjua: Consolata alikuwa mwalimu wa darasa la pili hapa Rumonge. Kwenye salle des profs, chumba cha walimu, meza yake na yangu zilikuwa zinagusana. Alirudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania peke yake, ndugu zake walibaki huko.

Kila Alhamisi tulipeleka chakula hospitali. Sufuria moja kubwa, yeye ameshika kishikio hiki, mimi kile. Bugali, maharage, ndagala wa ziwani, mawese ya Kizuka. Chumvi alikuwa anazidisha kila wiki, na kila wiki alikuwa anakana.

Mnajua kwetu mgonjwa analishwa na garde-malade wake, mtu wa kwao anayemuuguza. Asiye na mtu anatazama wenzake wakila. Conso akiingia wodini aliuliza swali moja tu: "Nani hana mutu?" Halafu anatandika mkeka wake kando ya kitanda hicho na kukaa, utadhani ni dada wa mgonjwa.

Siku moja nilifungua Biblia kabla ya kupakua. Akanivuta kitenge. "Mama Kevin, bugali inapoa. Mungu atatungojea, huyu muzee iko na njaa."

Niliona haya. Tangu siku hiyo tulipakua kwanza, tukaomba baadaye.

Sasa niseme linalonikaba.

Jumatatu ya wiki iliyopita aliandika kwenye group la WhatsApp la kanisa kwamba homa imemzidi, anaenda hospitali. Sote tulijibu. Pole dada. Tunakuombea. Mimi niliweka ile mikono ya kuomba, mara tatu, nikarudi kusahihisha madaftari.

Nilidhani wanakwaya wenzake wako naye. Wanakwaya walidhani mimi niko naye. Directeur wa shule aliponiuliza habari zake nilimjibu bila hata kufikiri: "Anaumwa, lakini yuko na watu."

Alhamisi nilibeba sufuria peke yangu, naitua chini kila baada ya hatua chache. Nilipanga nigawe kwanza, kisha nimtafute. Nikauliza swali lake mlangoni. Infirmière wa zamu akanionyesha kwa kidole: "Yule mama wa kwenye dirisha. Tangu Jumatatu hana garde-malade."

Alikuwa Conso.

Alijaribu kucheka. "Nilijua leo iko Alhamisi," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakunipigia. "Simu ilizimika. Lakini mbele izimike, message zenu nilisoma zote. Murakoze, asanteni sana."

Hakuwa ananisema. Afadhali angenisema.

Alikula matonge mawili tu. Kilichobaki akataka nimpe mama mmoja kutoka Gatete, kitanda cha jirani, Mwislamu, ambaye siku zote hizo ndiye aliyekuwa anamnywesha maji. Yeye mwenyewe mgonjwa, na hata jina la Conso alikuwa halijui.

Nilipoinama kutafuta sahani nikauona mkeka wake chini ya kitanda, umekunjwa vizuri. Alikuja nao kutoka nyumbani, na homa yake, kwa ajili ya atakayekuja kukaa naye.

Niliutandika. Nilikaa hapo mpaka Jumamosi, nimemshika mkono.

Leo shuleni nimeingia salle des profs, nikatoka. Nimesahihisha madaftari nje, juani. Sina wa kumtania tena.

Ndugu zangu, msiniandikie pole hapa chini. Alhamisi saa tano nitakuwa njiani na sufuria, na kishikio kimoja hakina mtu.

Conso, dada yangu, mkeka ninao mimi. Swali lako nitaliuliza mlangoni kabla ya kitu kingine chochote. Sasa lala, upumzike kwa amahoro.

Na zile siku tatu, nisamehe.