Mukeke wa Mbao

Nakumbuka wimbo kabla ya kukumbuka sura ya mtu yeyote. Ulitoka upande wa kusini, barabara ya Fizi, wimbo wa wanawake wa kwaya, ukazidi kukaribia karakana yetu pale Kalundu, nami nikipangusa vumbi la randa kwenye kitu nilichodhani ni kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Nilitabasamu, mwanangu. Watu walikuwa wanakuja kuchukua jeneza la baba yao, nami nilitabasamu, kwa sababu nilitamani walione.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilizaliwa Luvungi, katika mashamba ya tambarare, nikaja Uvira kujifunza useremala kwa Mzee Kashindi. Ziwa nililijua kwa kuliangalia tu. Jioni nilikwenda kuosha miguu ukingoni, nikarudi nyumbani. Mengine yote kuhusu ziwa sikuyajua, na sikujua kwamba siyajui.

Siku moja mama mmoja wa sokoni alinifungia maandazi kwa ukurasa wa gazeti la Kifaransa lililovuka mpaka kutoka Bujumbura. Kwenye ukurasa ule palikuwa na picha. Huko Ghana, maandishi yalisema, kuna mafundi wanaochonga majeneza ya namna yake: ndege kwa aliyependa safari, tunda la kakao kwa mkulima, samaki kwa mvuvi. Watu walikuwa wamembeba samaki huyo mabegani, na nyuso zao zilikuwa na fahari. Nusu ya ukurasa ilikuwa imechanika. Sikuitafuta. Baadaye, kwa miaka mingi, niliiwaza sana ile nusu, nikijiuliza ilikuwa imeandikwa nini.

Mzee Kashindi alikuwa amepanda milimani kutafuta mbao, safari ya wiki nzima. Mara alipoondoka nilianza kuchonga. Nilichonga mukeke, samaki mwembamba wa ziwa letu, mrefu wa kutosha mtu mzima kulala ndani. Nilipinda mbao kwa mvuke wa maji ya moto, nikachora magamba kwa patasi moja baada ya jingine. Nilipomaliza nilimficha nyuma ya milango niliyokuwa sijaipiga rangi, na Mungu anisamehe, mwanangu, nikawa nangoja mvuvi afe.

Hakuchelewa. Asubuhi moja aliingia binti mmoja wa Makobola, jina lake Riziki, rika langu, amefunga kitenge kichwani na macho yake mekundu. Alinipa kamba yenye mafundo mawili. Toka fundo hadi fundo ndio urefu wa baba yake, na mazishi ni kesho mchana.

“Baba alikuwa muvuvi,” alisema. “Ziwa...”

Nilimkatiza. Neno *muvuvi* lilikuwa limenitosha. Nilimwambia asihangaike, nitamtengenezea kitu ambacho Uvira haijawahi kuona. Alinitazama kama mtu anayesikia sauti kutoka mbali, akaitika, akaondoka. Nilinyoosha kamba juu ya mgongo wa mukeke wangu. Mgongo ulizidi kidogo tu. Niliona hiyo ni baraka.

Siku ile mji mzima ulipita kwetu, au mimi niliona hivyo. Nilikuwa nimemtoa nje rangi yake ikauke. Wabadilisha fedha wa Kavimvira, kule mpakani, walikuja kwa pikipiki kumtazama. Kijana mmoja aliniuliza kama naweza kumchongea chupa ya bia, ajiandae mapema, wakacheka wote, nami nikacheka. Mama mmoja mzee, aliyebeba kikapu cha ndagala, wale dagaa wetu, ndiye peke yake hakucheka. Alimzunguka samaki yule taratibu.

“Uyu marehemu alikufa aje?” aliuliza.

“Sijui, mama. Minye niko fundi ya mbao.”

Alijitwisha kikapu chake, akaenda zake.

Basi kesho yake asubuhi ule wimbo ulifika. Kamyoneti ilisimama, wanawake wakashuka bado wakiimba, Riziki akiwa mbele. Nilivuta turubai nililomfunikia samaki kwa mkono mmoja, kama nilivyokuwa nimejizoeza. Wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Hata madereva waliokuwa wakibishana upande wa pili wa barabara waligeuka kutazama.

Riziki alisogea mpaka kwenye mdomo wa samaki. Nilikuwa nimeuacha wazi kidogo, kwa urembo. Alitia vidole vyake humo, akavitoa.

“Ni nani alikuambia?”

“Kuniambia nini?”

“Kwamba samaki walimukuta mbele sisi hatujamukuta.” Hakupaza sauti. “Ziwa lilimubeba siku tatu. Mama hakuruhusiwa kumuona, juu ya namna alikuwa. Na sasa weye unataka tumurudishe mule mule.”

Ardhi haikupasuka, mwanangu, ingawa niliiomba. Nilisimama na turubai mkononi. Mama mmoja wa kwaya alianza kulia, akafuata mwingine, na wale waliokuwa wamekuja kushangaa wakatoweka mmoja mmoja bila kuaga.

Saa ile ile lori la mbao lilimshusha Mzee Kashindi. Alitukuta hivyo. Aliwasalimu wafiwa, akamsikiliza Riziki mpaka mwisho, kisha akamzunguka mukeke wangu kama alivyofanya yule mama wa ndagala. Nilingoja matusi. Yeye aligusa magamba, akasema kazi ni safi, nami neno hilo lilinichoma kuliko kofi.

“Ulipima maiti,” aliniambia. “Muntu haukumupima. Sasa muulize.”

“Nimuulize nini, Mzee?”

“Muulize baba yake alikuwa nani.”

Tulipanga mbao mpya, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, na huku nikipiga randa nilimuuliza Riziki. Nilidhani atakataa. Alikaa juu ya gogo, akaanza kujibu kidogo kidogo, bila kunitazama. Baba yake alivua kwa sababu baba yake mwenyewe alivua. Hakuwahi kulipenda ziwa. Alikuwa na shamba la mihogo kule juu, na mwaka ule alikuwa ameanza kujenga nyumba ya matofali karibu na shamba, mbali na mawimbi. Kuta zilikuwa zimesimama na bati lilikuwa limeezekwa. Kilichobaki kilikuwa mlango. Maisha yake yote alilala nyuma ya pazia, nao watoto wake pia, na kila alipotoka majini alikuwa akisema jambo lile lile: iko siku nitafunga mulango yangu, na ninyi wote mukiwa ndani.

Riziki aliinuka kwenye gogo. Kisha alisema, “Fanya tu ikae kama nyumba ya muntu.”

Jeneza lenyewe lilikuwa sanduku la pembe nne, bila pambo. Kifuniko nilimwomba Mzee Kashindi nikifanye peke yangu, akanikubalia. Nilikitengeneza kama mlango wa nyumba: fremu, ubao wa katikati, na paneli mbili zilizonyooka. Sikupaka rangi. Riziki alipitisha kiganja chake juu ya mbao, toka juu hadi chini, kisha akawaambia wenzake wabebe. Hakunishukuru, wala sikustahili. Lakini kamyoneti ilipoondoka kuelekea Makobola nilisikia wimbo ukianza tena, kwenye ubeti ule ule ulipokatikia.

Mukeke nilimvunja mwenyewe. Mbao zake zikawa benchi, na ndilo hili lililopo sebuleni kwangu.

Leo mchana mjukuu wangu Furaha alikuwa amelikalia. Amesomea kuchora nyumba kule Bujumbura, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu ulivyowahi kuwa. Amechora nyumba ya Mama Nabintu, jirani yetu ambaye ziwa lilipopanda liliingia kwake hadi dirishani, na tangu hapo analala sebuleni kwa kaka yake. Ndugu zake wamekubali kumjengea. Furaha aliona kwenye simu kwamba Uholanzi watu wanaishi katika nyumba zinazoelea. Maji yakipanda, nyumba nayo inapanda. Akachora moja kwa ajili yake, na vibaraza vyake, na sakafu iliyo juu ya maji. Kesho michoro inakwenda kwa fundi.

Nilimwambia ni nzuri, na ni nzuri kweli. Kisha nikamuuliza Mama Nabintu alisema nini.

“Bado hajaiona, babu. Ni siprizi.”

Ndipo nilipomwambia amekalia nini, nikamsimulia haya ninayokusimulia. Aliinuka polepole, akalitazama benchi.

“Na kama anapenda maji, babu?”

“Basi umujengee juu ya maji. Lakini aseme yeye.”

Nawe, mwanangu unayeanza kazi ya mikono, sikukatazi kutazama mbali. Dunia ina mafundi wengi, na habari zao za ajabu ni mali yako pia. Zisome, zikupe njaa ya kutengeneza. Lakini ukitengeneza kitu kwa ajili ya mtu, nenda kwanza ukakae naye. Mwache amalize sentensi yake. Muulize anaogopa nini anapolala, na alikuwa akingojea nini kabla msiba haujamkuta. Ukishajua hayo, chonga unavyotaka.

Mungu aibariki mikono yako, akupe masikio yanayotangulia mikono hiyo, na kila utakayemtengenezea kitu akiguse na kujiona yeye.

Furaha alikunja michoro yake, akaitia kwapani. Nilimwona akivaa viatu, akinong’ona peke yake, kama anayejaribu namna ya kuanza swali. Kisha akatoka kuelekea kwa Mama Nabintu, akauvuta mlango nyuma yake, nao ukafungika.