Kidudu cha Kwenye Nyasi za Sebuleni

Nilimvunja kaka yangu mkono kwa mchi wa karanga, mchana kweupe, mbele ya wageni wa Pasaka.

Chanzo ni kidudu chenye urefu wa punje ya mchele.

Naishi Kashai, Bukoba mjini. Jumapili ile nilikwenda nyumbani Muleba, kwa kaka yangu Mwesiga. Bado niko migombani, nikasikia mayowe.

Wifi yangu Alistidia alikuwa chini uani, mdomo unavuja damu. Kaka amemsimamia na fimbo.

Wageni wanatazama. Mmoja kashika soda yake, anakunywa.

"Kafanya nini?"

Shangazi Ephrasia akamsukuma mbele Georgina, mtoto wa kaka kwa marehemu mkewe. Ana miaka sita.

"Ona shingo hii! Kamchoma na kisu cha moto. Angemhurumia wapi, kwani kamzaa yeye?"

Kweli, shingoni palikuwa na mstari mwekundu, umejaa malengelenge.

"Mama hajanichoma," mtoto akasema.

"Nyamaza! Kakutisha huyo."

Kaka akainua fimbo. Akasita, akajipiga kofi shavuni kama anaua mbu, akajifuta. Kisha akaishusha mgongoni kwa wifi.

"Mwesiga, acha!"

"Msomi, rudi mjini kwako. Hapa ni kwangu."

Fimbo iliyofuata ilimpata wifi kichwani. Akaacha kulia. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mchi ulikuwa umeegemea kinu. Niliushika kwa mikono miwili, nikampiga nao kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulisema *ka!* Fimbo ikaanguka.

"Gusa tena," nikamwambia, "niende kwenye mguu."

Wifi alipofumbua macho, nikamkunjua Georgina kiwiko. Ndani ya mkunjo kulikuwa na alama mbili, juu na chini, zimelingana.

"Shangazi, kisu gani hicho kinachoma pande mbili sawasawa?"

Shangazi akamfunika mtoto shingo kwa khanga.

Nikaingia sebuleni. Walikuwa wametandaza nyasi mbichi kwa ajili ya wageni, zimekatwa bondeni Ijumaa, na mtoto alilala juu yake. Nikafunua. Wadudu walikuwa wanakimbia chini yake: wembamba, wekundu, kichwa cheusi, ncha ya mkia nyeusi.

"Huyu ni jamii ya mbawakawa, tulifundishwa chuoni. Hang'ati. Ukimponda, maji yake yanaunguza ngozi, ukikunja kiwiko yanaunguza pande zote mbili, na alama inatokea kesho yake."

"Mdudu huyu? Diploma imekuharibu, mwanangu," shangazi akasema.

Nikampakia wifi kwenye bodaboda, nikampeleka hospitali. Akashonwa nyuzi saba. Akaenda kwao Kashozi.

Jumanne shangazi akapiga simu, sauti imekwisha. "Njoo umwone kaka yako."

Nilimkuta mkono una plasta. Shavuni, pale alipojipiga kofi, mstari mwekundu wa malengelenge umepanda hadi jichoni, na jicho limefumba.

"Kaka, nani kakuchoma na kisu?"

Akageuzia uso ukutani. Georgina ndiye aliyejibu, taratibu kabisa:

"Si mama. Mama yuko Kashozi."

Nyie mnaosoma: anikeni nyasi juani na mzikung'ute kabla ya kutandaza. Zimeni taa ya karibu na kitanda, mwanga humvuta mdudu huyu. Akitua mwilini mwako, mpulize, usimponde. Ukishamponda, osha kwa sabuni hapohapo. Na kabla hujainua fimbo, funua kwanza nyasi zako.

Sasa ukoo umekaa kikao. Wanasema nimemdhalilisha kaka mbele ya wageni, niende nikapige magoti.

Siendi. Siombi msamaha.