Mbaazi Kwenye Jamvi la Kriketi

Juzi nilipita Noonkopir, pale Kitengela, nikakuta mama mmoja ameanika mbaazi kwenye gunia kando ya barabara. Ile harufu ya mbaazi zilizopigwa na jua ikanishika, rafiki yangu, nikasimama pale kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

Maana mimi nimechezea timu ya kriketi ya wasichana ya mkoa miaka sita. Usicheke. Kurusha mpira nilijua, kugonga nilijua, na timu zilipenda mtu wa kazi zote mbili. Lakini yote yalianzia kwa mbaazi.

Kitengela ya miaka ya tisini ilikuwa nyasi na upepo. Asubuhi zingine tulingoja punda milia wamalize kupita uwanjani ndio tucheze, naye mchungaji jirani, Mmaasai, alitusalimu "Sopa" bila kuharakisha hata ng'ombe mmoja. Udongo wetu mweusi ulipasukapasuka wakati wa kiangazi, kwa hivyo mwalimu wetu wa michezo alitandika jamvi refu la katani, akalikaza kwa misumari, na mpira ukadundia hapo. Jamvi lililala kwetu kwa sababu ndiko kulikuwa karibu.

Nyanya yangu, susu kama tunavyosema Wakamba, hakuona jamvi la mchezo. Aliona mahali pazuri pa kuanika. Mbaazi zake zilikuwa zimefika kutoka Machakos na unyevu bado, na Ijumaa moja jua lilikuwa kali. Jioni alizizoa, akalikung'uta jamvi, akalikunja, akaridhika.

Jumamosi wakaja wachaguzi wa timu ya mkoa. Tulicheza na wasichana wa Embulbul, na kila mtu alijua atachukuliwa mmoja tu. Niliitaka mno nafasi hiyo. Mpira wa kwanza niliorushiwa ulidunda, ukapinda, ukaangusha vijiti vyangu vyote vitatu. Nikatoka bila kupata hata mbio moja, nikaenda kulia kando. Mwalimu aliinama kwenye jamvi, akainuka na mbaazi mkononi.

"Ni zangu hizo," susu akasema kutoka kwa kigoda chake. "Mtoto msimhesabie."

Mwamuzi akasema aliyetoka ametoka. Basi susu akapiga magoti, nasi sote tukapiga magoti, hata wachaguzi na suruali zao nyeupe, tukachokoa mbaazi kwenye nyuzi huku upepo ukitupuliza. Mpaka leo nikifumba macho natuona tumeinama vile. Susu aliponikaribia akaninong'oneza, "Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Sasa umebaki na wa kurusha."

Nikaiona moja, imejificha ndani ya nyuzi, karibu na mahali mgongaji wao angesimama. Nikaivuka, nikaiacha.

Walipoingia wao kugonga, kulikuwa na msichana mrefu, shati la kaka yake likimpwaya, na alitugonga vibaya. Mipira yangu miwili aliipeleka mbali. Wa tatu niliulenga, nao ukaipata ile mbaazi. Vijiti vikaruka. Wenzangu wakanibeba juu, naye akaenda kukaa kwenye nyasi, akalia pale pale nilipolia mimi.

Nikachukuliwa. Miaka sita jina langu likaitwa viwanjani, na watu wakanipigia makofi. Ila kila tulipochagua mbaazi za kupika susu alinisukumia ungo. "Rudia. Umeacha moja." Nami nilirudia, uso ukiniwaka kwa aibu.

Sasa uwanja ule ni nyumba za ghorofa, punda milia wamezibiwa njia, na susu tulimzika kwao Machakos. Nilinunua kwa yule mama wa Noonkopir mbaazi za mikebe miwili ya gorogoro, nikazichagua jikoni peke yangu hadi shingo ikauma. Nataka tu ujue kwamba kila uwanja niliochezea nilimtafuta yule mrefu wa Embulbul, nimwambie kuhusu ile mbaazi. Wenzake waliniambia hakuwahi kucheza tena.