Mizunguko ya Restuta Langoni

Restuta wa Idete hufungua na kufunga lango la mfereji wa wakulima wa mpunga kwa usukani wa chuma, na hupenda kusema usukani huo umemtia adabu kuliko mwalimu yeyote. Msimu wake wa kwanza alikuwa na daftari na majivuno. Asubuhi alipiga hesabu ya kutwa nzima, akazungusha mara tatu, akaenda zake kupalilia. Mchana mvua ikanyesha milimani, maji yakaja kwa fujo, tuta la mzee Fridolin likabomoka na miche yake ikaelea kama makapi. Kikao cha wakulima kikampa Restuta msimu mmoja zaidi. Likibomoka tuta jingine, lango angepewa mtu mwingine.

Alilia, tuseme ukweli. Halafu akaanza kuuchunguza mfereji, akaona kuwa hautulii: matope yanajaa, magugu yanaota, ng'ombe wanakanyaga kingo. Mizunguko mitatu ya Desemba haileti maji ya mizunguko mitatu ya Machi. Basi siku hizi, kila saa, husoma ubao wa kipimo cha maji, humpigia simu shangazi yake Paulina anayekaa huko juu mlimani, kisha hukisia maji ya saa sita zijazo. Lakini lango hulizungusha kwa kufuata makisio ya saa ya kwanza tu. Saa ikiisha, makisio yote huyatupa na kuanza upya. Wapo wanaomcheka kwa kuhangaika hivyo.

Machi hii, wiki ya kupandikiza, mzee Fridolin alimfuata langoni amekunja uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona unatunyima maji na jua lote hili?"

"Shangazi anasema huko juu kumefunga wingu. Nadhani maji yatafika saa saba."

"Na yasipofika?"

"Nitaongeza, halafu nitakisia tena. Naweza kukosea, mzee, ila sitakosea kutwa nzima."

Saa saba ikafika, maji hakuna. Restuta akaongeza nusu mzunguko, aibu imemjaa, na Fridolin akaguna kwa ushindi. Kabla ya saa nane Paulina akapiga simu: mto umejaa kwake. Restuta akalibana lango karibu lote. Maji ya matope yakaja kwa kishindo, yakalamba ukingo wa tuta la Fridolin, yakaishia hapo.

Restuta aliuachia usukani. Fridolin aliitazama miche yake iliyosimama, kisha akaketi kwenye zege kando ya lango.

"Saa ijayo unaonaje?" akauliza.

Restuta akasogea kumpa nafasi mbele ya ubao.

"Sijui bado," akasema, na wote wawili wakainama kusoma ubao.